Mpeasi hauzai? Soma haya kabla ya kuukata

Katika bustani nyingi za milimani, Lushoto kwa mfano, utakuta mpeasi mrefu wenye majani mazuri na hakuna tunda. Mwenye nyumba huchoka kusubiri, akachukua shoka. Tunamwomba asubiri kidogo. (Tunazungumzia peasi, si parachichi, ambalo baadhi ya watu wa pwani huliita pea.)

Tuanze na mche. Uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka 7 hadi 10, hata zaidi, bila kuzaa, na matunda yake hayatafanana na ya mti mama. Mche wa kubebesha kwa kawaida huanza kuzaa kati ya mwaka wa 3 na wa 5. Unapoupanda, usifukie pale ulipounganishwa.

Mpeasi pia unahitaji baridi. Huko kwenye asili yake hupukutisha majani, hupumzika, kisha huchanua kwa pamoja. Ndiyo maana Tanga mjini usitegemee mavuno, wakati Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, inawezekana. Hata hivyo baridi yetu ya Juni hadi Agosti si kali sana, kwa hiyo tafuta aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Kieffer.

Lakini sababu ambayo wengi hawaifikirii ni upweke. Aina nyingi za mpeasi hazizai vizuri kwa chavua yake zenyewe. Zinahitaji aina nyingine inayochanua wakati uleule, na nyuki wa kuhamisha chavua. Miti miwili iliyobebeshwa kutoka mti mama mmoja ni sawa na mmoja tu! Kama jirani ana aina tofauti, una bahati. Kama hana na kiwanja ni kidogo, bebesha tawi la aina nyingine kwenye mti wako huohuo. Na usipulize dawa ya wadudu wakati wa maua, utaua nyuki.

Matawi yaliyosimama wima huzaa kidogo. Yavute taratibu kwa kamba yalale upande yangali machanga.

Ukipata matunda, usisubiri yalainike mtini, maana mengi huanza kuharibika kwa ndani. Shika peasi, liinue hadi lilale; likikatika kirahisi kwenye kikonyo, limekomaa. Liweke ndani pamoja na ndizi mbivu, likague kila siku kwa kubonyeza karibu na kikonyo.