Ngome Zisizo na Kuta: Magofu ya Kunduchi na Mbuamaji

Mwanafunzi wa Tanzania akisikia neno ngome, mara nyingi picha inayomjia akilini ni ile aliyoiona vitabuni: jengo la mawe juu ya kilima, minara mirefu, lango zito, handaki lililojaa maji, na ndani yake mtawala aliyejifungia pamoja na askari wake. Picha hiyo si ya uongo. Katika nchi za Ulaya majengo ya namna hiyo yamo mengi, na watu hutoka mijini kwenda vilimani kuyatazama na kujifunza habari za wazee wao. Lakini picha hiyo ikiachwa peke yake huleta madhara. Humfanya kijana wa Kinondoni au Temeke aamini kwamba historia iko mbali, na kwamba karibu na nyumbani kwao hakuna jiwe lenye habari ya kumweleza. Shabaha ya makala haya ni kumwonyesha kijana huyo mahali pawili anapoweza kufika na kurudi siku moja, na kuuliza pamoja naye swali hili: miji ya kale ya pwani yetu ililindwa na nini?

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha nayo ni hifadhi ya historia. Kiswahili kina maneno manne yanayohusu jambo hili. Ngome ni neno letu la asili. Husuni limetoka katika Kiarabu, na hadi leo ndilo jina la majengo mawili ya Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Boma kwanza lilikuwa ua wa miti au miiba uliozunguka mji au zizi la ng'ombe. Wajerumani walipojenga ofisi zao zenye kuta nene, wananchi waliziita maboma, na hata baada ya Uhuru watu waliendelea kusema wanakwenda bomani wanapokwenda kwa mkuu wa wilaya. Neno la nne ni gereza. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome yao, kisha wakaiacha mwaka 1512. Ngome inayoonekana huko sasa ilijengwa baadaye sana, katika enzi za Waarabu wa Omani, nayo huitwa Gereza. Huko Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ilitumiwa na Waingereza kuwafungia watu tangu 1895 hadi 1958. Basi neno lililoanza na ibada likapita katika mizinga na kuishia katika minyororo. Kwa neno hilo moja tunaona jinsi mwananchi wa pwani alivyozitazama ngome za wageni: kwake hazikuwa kinga, zilikuwa mahali pa kufungiwa.

Isidhaniwe kwamba Waafrika hawakujenga kuta. Mjini Gede, katika pwani ya Kenya, kuta za mji bado zinaonekana, na Songo Mnara nao ulikuwa na ukuta wake. Katika nchi ya vilima ya Uhehe, Mtwa Mkwawa alijenga ngome yake Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akaizungushia ukuta mnene. Mashujaa wake walikuwa wamekwisha kukishinda kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila msomaji wa historia. Ukuta ulivunjwa, lakini vita havikwisha. Mkwawa aliendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne, akihamahama, akilishwa na kufichwa na watu wake, hadi alipojiua mwezi Julai 1898 ili asitiwe mkononi mwa adui. Ngome ya mawe haikustahimili mizinga. Ngome ya watu iliendelea kusimama baada yake.

Habari hiyo ya Uhehe ina alama yake katika mkoa wa Dar es Salaam. Anayetoka Mwenge kwa barabara ya Bagamoyo hupita penye kambi ya jeshi inayoitwa Lugalo, jina lililotolewa kwa kumbukumbu ya vita vile vya 1891. Akiendelea na safari hukuta njia inayoteremka kulia kuelekea bahari. Njia hiyo humfikisha Kunduchi.

Magofu ya Kunduchi yako karibu na kijiji cha wavuvi, chini ya mibuyu. Atakayekuja akitafuta minara ya vita na matundu ya mizinga hatayaona. Atakuta kuta za msikiti ambao umekadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, pamoja na kibla chake kinachoelekea kaskazini, upande wa Makka. Kuuzunguka msikiti huo atakuta makaburi, mengi ya karne ya 18 na ya 19, yaliyojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Baadhi yake yana nguzo ndefu zilizosimama upande wa kichwani. Makaburi ya nguzo ni mtindo wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia hadi kusini mwa Tanzania. Mafundi wake walikuwa watu wa pwani hii, na waliolala humo walikuwa wakubwa wa miji yake.

Katika nguzo na kuta za makaburi hayo walipachika mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, kazi nzuri ya rangi ya buluu juu ya nyeupe. Vyombo hivyo havikuletwa moja kwa moja. Vilipita bandari nyingi za Bahari ya Hindi, mkono hadi mkono, na majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi ndiyo yaliyovifikisha kwetu. Mwenye kaburi aliwaambia wapitao kwamba mji wake ulikuwa na uhusiano na ulimwengu. Leo sehemu nyingi za nguzo zina mashimo ya duara tu, kwani mabakuli yameng'olewa. Hasara hiyo tutairudia.

Ufundi wa ujenzi nao unastahili kusomwa. Jiwe lililotumika ni matumbawe. Lile laini lilitolewa baharini likiwa bado bichi, likachongwa kwa urahisi, kisha likakauka na kuwa gumu. Hilo ndilo lililofaa kwa vibla na mapambo ya milango. Mawe magumu zaidi yalichimbwa nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la kuni. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake usiozidi, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba, upana wa mita tatu hivi au pungufu. Kwa hiyo mti wa pwani ndio uliompimia fundi ukubwa wa chumba. Ng'ambo ya barabara, juu ya kilima cha Wazo, kiwanda kimekuwa kikitengeneza saruji tangu 1966 kwa chokaa ya miamba hiyo hiyo iliyozaliwa baharini zamani sana. Fundi wa kale wa Kunduchi na fundi wa sasa wa Tegeta wamechota katika hazina moja.

Mahali pa pili ni Mbuamaji, kusini mwa mlango wa bandari ya Dar es Salaam, katika nchi iliyohesabiwa kuwa ya Temeke kabla ya kuundwa wilaya ya Kigamboni. Huko nako kuna mabaki ya msikiti na makaburi ya kale. Mtu anayefikia mahali pale palipotulia huenda asiamini kwamba katika karne ya 19 Mbuamaji ulikuwa mji wenye sifa, ambako misafara ya bara ilifika na kuondoka, wakati Dar es Salaam ilikuwa bado kijiji cha Mzizima. Seyyid Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake mpya katika miaka ya 1860. Boma la Kale lililoko karibu na bandari ni mojawapo ya majengo ya wakati huo. Majid alikufa mwaka 1870, na kazi yake ikadorora. Wajerumani walipofanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891, biashara iliufuata mji mpya, na Mbuamaji ukafifia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kunduchi na Mbuamaji hazionyeshi ukuta wa mawe uliozunguka mji. Boma la miti halidumu, kwani mchwa na mvua hulimaliza katika miaka michache. Lakini watu waliojua kujenga msikiti wa mawe wangeweza pia kujenga ukuta wa mawe kama wangeuona kuwa ndio uhai wao. Uhai wao ulikuwa kwingine. Mji wa pwani ulikuwa na chumvi, samaki wakavu na nguo zilizotoka ng'ambo. Nchi ya ndani, yaani Uzaramo, ilikuwa na nafaka na sandarusi, ile gundi ya kale iliyochimbwa ardhini, ambayo katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem huko Marekani waliinunua Zanzibar kwa ajili ya kutengeneza vanishi. Mji uliojifungia ndani ya ukuta usingeipata sandarusi, wala usingepata mtama.

Ndiyo maana masimulizi ya wazee wa Mrima hayatiliki mkazo kuta, hutilia mkazo mapatano. Husimuliwa kwamba Washomvi wa pwani walipovamiwa na Wakamba walimwomba msaada Pazi Kilama, mkubwa wa Wazaramo, naye akawafukuza wavamizi. Kwa hisani hiyo Washomvi wakawa wakitoa ada ya nguo kila mwaka kwa akina Pazi, nao Wazaramo wakawa na njia ya kushuka pwani kupata chumvi na bidhaa. Hata kama masimulizi yamefupisha mambo ya miaka mingi kuwa kisa kimoja, maana yake ni wazi: ulinzi wa mji ulikuwa ni jirani yake, na bei ya ulinzi huo ilikuwa ni kutimiza ahadi kila mwaka.

Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Misafara ya karne ya 19 ilibeba pembe, na ilibeba pia watu waliotekwa na kuuzwa. Mapatano ya wakubwa hayakuwakinga wanyonge hao, wala hawakujengewa makaburi ya nguzo. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Kunduchi awaambie na hilo, ili wajue kwamba gofu huonyesha waliotukuzwa na kuwaficha waliotaabika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliyaweka magofu ya namna hii chini ya ulinzi wa Serikali. Lakini sheria haikuyazuia mabakuli ya Kunduchi yasing'olewe. Mji wa Dar es Salaam umekwisha kuvifikia vijiji hivi viwili. Viwanja hupimwa, nyumba hujengwa, mawe hutafutwa kwa ajili ya misingi, na bahari nayo imekuwa ikila ufuko wa Kunduchi kwa miaka mingi. Ukuta au senyenge vinaweza kusaidia, ila havitoshi. Mji ambao zamani ulilindwa na mapatano hauwezi leo kulindwa bila ya mapatano ya wale wanaokaa kando yake: wavuvi, wajenzi, wenye mahoteli, walimu na watoto wao.

Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Darasa moja lichukue kamba ya kupimia, daftari na kalamu, liende Kunduchi au Mbuamaji pamoja na mlinzi au mzee wa mahali. Wapime urefu na upana wa msikiti. Wachore kila kaburi la nguzo na kuhesabu mashimo ya mabakuli. Wawaulize wazee majina ya mitaa, visima na miti, na wayaandike kama yalivyotamkwa. Wasiguse kitu, wala wasiondoke na kigae hata kimoja, maana kigae kilichotolewa mahali pake hakiwezi tena kutoa ushahidi. Daftari hilo likihifadhiwa maktabani, darasa la mwaka unaofuata litaweza kulichukua, kurudi mahali pale pale, na kuona kama nguzo zilizohesabiwa bado zote zimesimama.