Redio ya Raia katika Malori ya Marekani

Chama cha ushirika hakisimami kwa fedha peke yake. Kabla ya hisa ya kwanza kulipwa, hapana budi watu wawe na njia ya kusemezana. Katika kuadhimisha miaka kumi ya umoja wetu, yafaa tuzikumbuke habari za madereva wa malori wa Marekani, waliotawanyika katika barabara za nchi pana, kila mtu na gari lake, mpaka chombo kidogo kilipowakutanisha.

Chombo hicho chaitwa Redio ya Raia, au kwa kifupi CB. Mwaka wa 1945 Serikali ya Marekani ilitenga mawimbi ya simu ya upepo kwa matumizi ya watu binafsi, lakini mitambo yake ilikuwa ghali na sauti haikufika mbali. Mwaka wa 1958 yakafunguliwa mawimbi ya megahezi 27, yenye njia 23. Mtihani haukutakiwa, mtu aliomba leseni, akaipata, akasema.

Kukifunga chombo katika lori si kazi kubwa, ila yataka uangalifu. Waya wa umeme huunganishwa na betri kwa kupitia fyuzi, nayo fyuzi huwekwa karibu na betri, ili waya ukichubuka usilete moto. Eriali ndiyo roho ya kazi. Urefu wa wimbi ni kama meta 11, na robo yake ni karibu meta 2.75, kwa kuwa urefu huo ni wa taabu barabarani, wengi hutumia eriali fupi iliyozungushiwa waya. Madereva hupenda kuifunga kwenye mikono ya vioo vya pembeni, na kitako chake sharti kigusane vema na chuma cha gari. Kisha hutumiwa kipimo cha mawimbi yanayorudi. Kikisoma zaidi ya 3, si salama kusema, maana nguvu hurudi na kuweza kuharibu chombo. Kikisoma zaidi katika njia za juu kuliko za chini, eriali ni ndefu mno, hupunguzwa. Ikiwa kinyume chake, hurefushwa.

Kwa mtindo wa kawaida nguvu yake haizidi wati 4, na sauti hufika kilometa chache tu, ikitegemea vilima na majengo. Tena katika njia moja husema mtu mmoja kwa wakati mmoja. Abonyeza kitufe, asema neno lake, aachia, asikiliza. Wawili wakibonyeza pamoja, hubaki mlio mtupu.

Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani. Bei ikapanda, vituo vikakauka, na mapema mwaka wa 1974 sheria ya nchi nzima ikaweka mwendo usiozidi maili 55, yaani kama kilometa 88, kwa saa. Walioumia zaidi ni madereva waliomiliki malori yao wenyewe, kwani walilipwa kwa mizigo na mwendo, na mafuta waliyanunua kwa fedha zao. Hawakuwa na ofisi ya kuwakusanya. Walikuwa na redio. Kwayo waliambiana wapi mafuta yapatikana na wapi askari wamejificha. Na mwezi wa Desemba 1973 waliitana wakasimamisha malori na kuziba barabara kuu. Mapema mwaka wa 1974 mgomo ukaenea, na Serikali ikakubali gharama za mafuta ziongezwe juu ya nauli za mizigo.

Lakini haki yataka tuseme yote. Katika mgomo huo waliokataa kujiunga walirushiwa mawe, na wengine walipigwa risasi. Chombo cha umoja hakimfundishi mtu uungwana. Huo hana budi kuja nao.

Baadaye redio hiyo ikawa mtindo wa nchi nzima. Ada ya leseni ilishushwa mwaka wa 1975 kutoka dola 20 hadi dola 4, na mwaka wa 1977 njia zikawa 40. Watu wakajaa hewani, wakazidiana sauti, na wengi hawakujali leseni, hata sharti hilo likaondolewa mwaka wa 1983. Siku hizi simu za mkononi zimechukua sehemu kubwa ya kazi yake, ijapokuwa madereva wangalipo wanaoitumia.

Hata hivyo, katika msongamano ule mambo mawili yalidumu. Njia ya 9 ilitengwa na Serikali kwa ajili ya hatari na msaada. Njia ya 19 ikawa ya madereva wa malori, nayo haikuamriwa na sheria yoyote. Ilikuwa desturi yao wenyewe, na kila mgeni aliyeingia barabarani aliikuta na kuifuata.

Hapo ndipo wanaushirika tunapopata fundisho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole kumi havina faida vikigongana. Mkutano wetu mkuu ni kama njia moja ya redio: ni mali ya wote, na hufaa pale tu msemaji akumbukapo kuachia kitufe ili mwenzake naye asikiwe.