Judo Ilivyopenya Kwenye Orodha ya Marufuku

Kwa miaka mingi shirika la Special Olympics lilikuwa na orodha ya michezo ambayo wanamichezo wake, watu wenye ulemavu wa akili, hawakuruhusiwa kuigusa. Ngumi ilikuwamo. Mieleka, karate, vitara, kulenga shabaha, kurusha mkuki na kuruka kwa upondo navyo vilikuwamo. Yeyote aliyetaka kupambana na mwenzake mwili kwa mwili aliambiwa akimbie, aogelee au acheze mpira.

Walioiandika hawakuwa maadui wa watu hao. Eunice Kennedy Shriver, mwanzilishi wa shirika hilo na dada wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alikulia katika nyumba yenye jeraha: ndugu yao Rosemary alizaliwa na ulemavu wa akili, na mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomharibu zaidi, akaishi miaka yake iliyobaki chini ya uangalizi wa taasisi. Mwaka 1962 Eunice alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake Maryland kwa ajili ya watoto ambao shule na viwanja vya kawaida viliwakataa. Tarehe 20 Julai 1968, wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada waliingia uwanja wa Soldier Field jijini Chicago kwa mashindano ya kwanza. Wakati huo wapo wataalamu walioamini kwamba watu hawa hawawezi hata kukimbia mbio ndefu. Aliyekuwa akipigania haki yao ya kukimbia hakuwa na nafasi ya kuanza kupigania haki yao ya kubwagana.

Hofu nyingine ilikuwa na msingi wa kitabibu. Baadhi ya watu wenye sindromu ya Down wana ulegevu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo, na mkunjo wa ghafla unaweza kuuminya uti wa mgongo. Mwaka 1983 Special Olympics iliagiza wanamichezo wenye sindromu hiyo wapigwe picha ya eksirei ya shingo kabla ya kushiriki michezo yenye hatari ya aina hiyo. Madaktari wa watoto wa Marekani waliunga mkono mwaka uliofuata, kisha mwaka 1995 chama chao kikauondoa ushauri huo kikisema thamani ya picha hizo haijathibitika. Siku hizi uzito umehamia kwenye dalili zenyewe: ganzi, udhaifu wa miguu, mabadiliko ya mwendo, maumivu ya shingo. Hatari hii ni ya kweli, na mwalimu anayeipuuza hafai kufundisha. Lakini si kila mwenye ulemavu wa akili ana sindromu ya Down, na si kila mwenye sindromu hiyo ana shingo legevu. Orodha ya marufuku haikuwatofautisha.

Aliyeleta ufumbuzi bila kukusudia alikuwa mwalimu wa Kijapani aliyefariki mwaka 1938. Kano Jigoro alianzisha judo jijini Tokyo mwaka 1882, ndani ya hekalu la Eishoji. Alichukua mbinu za kale za mapigano za Kijapani, akaondoa kwenye mapambano ngumi, mateke na mbinu hatari zaidi za kuvunja viungo, akabakiza kubwaga, kubana chini, kabali na kukunja kiwiko. Wachezaji huinamiana kabla na baada ya pambano. Anayeanza hafundishwi kubwaga kwanza, hufundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, mgongo ujiviringe. Zoezi hilo hurudiwa mpaka mwili uzoee.

Kwa mtu anayejifunza polepole, mpangilio huo ni neema. Kila siku huanza vilevile na kuisha vilevile. Mpinzani hayuko mbali akirusha ngumi zisizotabirika. Yuko mkononi, umeshika ukosi wake, unahisi anapoegemea kabla hujamwona. Anayezidiwa anagonga mkeka na kuachiwa papo hapo, na kwa hilo hahitaji maneno. Uholanzi na Ujerumani zilijenga mapema vilabu vya judo kwa wenye ulemavu wa akili.

Hatimaye marufuku ikawekewa mlango mmoja. Michezo ya mapigano ilibaki nje, isipokuwa judo. Ilichezwa katika Michezo ya Dunia ya Special Olympics ya Shanghai mwaka 2007, na ilikuwamo pia Abu Dhabi mwaka 2019 na Berlin mwaka 2023. Kanuni zilipunguzwa makali. Kabali haziruhusiwi, wala kukunja kiwiko cha mpinzani. Wachezaji hupangwa kwa uwezo, pamoja na uzito, umri na jinsia, na kwa wenye uwezo mdogo pambano linaweza kuanzia chini kwenye mkeka, ambako hakuna mwanguko wa kuogopwa. Ngwara na mbwago vikabaki, jasho likabaki, na kushindwa pia kukabaki.

Karate na taekwondo zilichukua njia nyingine. Shirikisho la karate duniani liliweka mashindano ya wenye ulemavu katika ubingwa wake wa Bremen mwaka 2014, lakini mwenye ulemavu wa akili huonyesha kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, peke yake, mbele ya waamuzi. Taekwondo nayo huwapa mitindo ya kuonyesha. Ni kazi ngumu na ya heshima. Hata hivyo, asiyewahi kusimama mbele ya mpinzani anayetaka kumbwaga amepewa nusu tu ya mchezo.

Paralimpiki imekuwa ngumu zaidi, na kosa halikuwa la wanamichezo wenyewe. Sydney mwaka 2000 Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu wa wenye ulemavu wa akili, kisha mmoja wa wachezaji, mwandishi wa habari Carlos Ribagorda, akafichua kwamba 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Waliodanganya ni wazima, walioadhibiwa ni wenye ulemavu: kundi zima lilifungiwa hadi London 2012, likarudishwa kwa riadha, kuogelea na mpira wa meza tu. Judo ya Paralimpiki, iliyoanza Seoul mwaka 1988, ni ya wasioona na wenye uoni hafifu.

Nje ya mashirika hayo, watu wazima wamejaribu kujiamulia. Mwaka 2013 Garrett Holeve, kijana wa Florida mwenye sindromu ya Down, alijiandaa kwa pambano la ngumi na mieleka mchanganyiko dhidi ya mwanamichezo mwingine mwenye ulemavu. Muda mfupi kabla hawajaingia ulingoni, mamlaka ya ngumi ya jimbo ikalizuia. Mapigo ya kichwa ni jambo la kuhojiwa kwa kila bondia, na kumhoji Holeve pia ni halali. Kisichokubalika ni kumkatalia mtu mzima kwa kumtazama tu usoni.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja michezo waziwazi. Vyama vya judo vya Afrika Mashariki vinaweza kuanza bila kusubiri medali: daktari aikague shingo, mwalimu atenge saa moja kwa wiki, na mtoto afundishwe kuanguka kwanza. Mzazi naye amlete mwanawe mazoezini.