Mguu wa dereva ndio huamua kiu ya gari la kasi

WENYE magari ya kasi wanaotoka Naivasha kuelekea Ndabibi, chini ya milima ya Eburru, hukutana na takriban kila aina ya njia inayojaribu tangi la petroli. Kuna lami iliyonyooka inayoushawishi mguu, kuna matuta yanayofuatana kwenye vituo vya biashara, kuna vumbi laini la volkano pale lami inapoisha, na kuna miinuko. Gari moja, lenye injini ile ile na mzigo ule ule, laweza kuitumia njia hiyo kwa adabu au likanywa theluthi moja zaidi, na sababu ya tofauti hiyo isiwe fundi wala kituo cha mafuta bali mtu aliyeshika usukani.

Nchini Kenya, jina linalotajwa kwanza magari hayo yanapozungumziwa ni Subaru Impreza WRX, lililoanza kuuzwa Japan mwaka wa 1992. Sifa zake zilikuzwa na Safari Rally: Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka wa 1997, naye Richard Burns akafanya hivyo mwaka wa 2000. Mashindano hayo yaliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarejea mwaka wa 2021 huku Naivasha ikiwa kitovu chake. Njia zake zimepita Kedong, Oserian na Loldia, si mbali na Ndabibi. Haishangazi basi kwamba kijana aliyenunua Impreza iliyotumika Japan hutamani kuliendesha kama alivyoona likiendeshwa. Tatizo ni kwamba dereva wa mashindano halipii petroli yake.

Bei ya bidhaa hiyo si jambo la mzaha. Nchini Kenya bei za juu za mafuta hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwaka wa 2023, baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kuongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, lita moja ya petroli ilipita Sh200 kwa mara ya kwanza, na mnamo Oktoba mwaka huo ilifika Sh217.36 jijini Nairobi. Kwa bei hiyo, dereva anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi na kupata kilomita 10 kwa lita hutumia lita 100. Akiendesha kwa pupa na kushuka hadi kilomita 7 kwa lita, atahitaji lita 143 hivi. Ziada hiyo pekee ilikuwa zaidi ya Sh9,300 kwa mwezi, fedha zinazotosha kumlipia mtu kodi ya nyumba katika mitaa mingi ya Naivasha.

Kiini cha hasara hiyo ni breki. Wengi hudhani petroli hupotea wakati wa kuongeza kasi, ilhali inayopotea hasa ni ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa mwendo, kisha ikageuzwa kuwa joto kwenye breki. Hesabu yake si ngumu. Chukua gari la kilo 1,400, na ukadirie kwamba robo tu ya nguvu iliyo ndani ya petroli ndiyo hufika kwenye magurudumu, kama ilivyo kwa injini nyingi za aina hiyo. Kulitoa gari hilo kwenye kilomita 20 kwa saa hadi 60 hugharimu takriban mililita 22 za petroli kwa ajili ya mwendo pekee. Dereva anayekimbia kutoka tuta moja hadi jingine na kufunga breki kila mara, akivuka matuta 20, ametupa karibu nusu lita bila kufika mapema kwa kiasi cha kujivunia. Kulifikisha gari kwenye kilomita 100 kwa saa na kulisimamisha ghafla kwa sababu ya punda barabarani hugharimu mililita 67 hivi kila mara.

Ndiyo maana dereva aliyezoea huangalia mbali. Akiona tuta, trela au kundi la ng'ombe mita 300 mbele, huinua mguu mapema na kuliacha gari lijipunguze lenyewe. Wizara ya Kawi ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kuongeza kasi kwa fujo, kukimbia kupita kiasi na kufunga breki ghafla, hupunguza umbali unaopatikana kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 katika msongamano. Hata watengenezaji wa magari ya mashindano walilitambua hilo: kati ya 2022 na 2024, magari ya daraja la juu katika ubingwa wa dunia, yaliyoonekana pia Naivasha, yalifungwa mtambo wa umeme uliokusanya sehemu ya nguvu ya breki na kuirudisha kwenye magurudumu.

Gari lenye tabo lina jambo lake la ziada. Tabo husukuma hewa nyingi ndani ya injini ili petroli nyingi zaidi iungue, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Dereva akikanyaga hadi mwisho, joto ndani ya injini hupanda sana, na kompyuta ya gari huongeza petroli kupita ile inayoweza kuungua, ili iipoze. Petroli hiyo haiongezi mwendo. Hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi. Anayekanyaga kwa kiasi na kubadilisha gia injini ikiwa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika hupata mwendo wa kutosha bila kuamsha hali hiyo. Hili halina maana ya kutambaa, wala ya kuilazimisha injini ivute ikitetemeka kwenye gia ya juu. Gari la lita 2.0 lenye tabo lina nguvu ya kutosha kuendeshwa kwa upole, na huo ndio ubora wake usiotajwa.

Petroli yenyewe huhusika. Magari mengi ya aina hii yaliyotengenezewa soko la Japan yalipimwa kwa petroli ya oktani 100, ilhali petroli ya kawaida nchini Kenya ina oktani ya chini ya hiyo. Injini ikihisi mgongo wa mlipuko usiofaa, kompyuta huchelewesha cheche ili isiharibike, na nguvu hupungua. Dereva asiyejua hujaribu kuirudisha nguvu hiyo kwa kukanyaga zaidi. Kisha kuna mapambo. Vali ya kuachilia hewa nje, inayotoa ule mlio unaopendwa na vijana kila gia inapobadilishwa, humwaga hewa ambayo kompyuta ya Impreza imekwisha kuipima na kuitolea petroli. Kwa muda mfupi mchanganyiko huwa na petroli nyingi kuliko hewa. Ni mlio wa gharama.

Kasi yenyewe hudai malipo yake kupitia upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa huuongeza kwa karibu asilimia 90. Hapa wakazi wa Bonde la Ufa wana nafuu ambayo watu wa Mombasa hawana. Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban moja kwa tano, kwa hivyo upepo hulizuia gari kidogo zaidi. Injini isiyo na tabo hulipa nafuu hiyo kwa kupungukiwa na nguvu mlimani. Yenye tabo huhimili vyema zaidi. Lakini kreti ya paani, au bawa kubwa la nyuma lililofungwa kwa urembo, laweza kuimaliza nafuu yote.

Mlima nao una hesabu yake. Kwa gari lile lile la kilo 1,400, kila mita 300 za kupanda hugharimu karibu nusu lita juu ya matumizi ya kawaida. Gharama hiyo haikwepeki, iwe dereva anapanda polepole au kwa kasi, lakini anayeng'ang'ania kulipita kila lori kwenye mwinuko wa kutoka Mai Mahiu huongeza juu yake petroli ya kupozea injini iliyokwisha kuelezwa. Swali kubwa ni la kurudi chini.

Kuna imani ya miaka mingi, hasa miongoni mwa madereva wa malori, kwamba kuteremka gari likiwa kwenye nyutro huokoa mafuta. Katika Kaunti ya Nakuru, sehemu ya Salgaa hadi Sachang'wan ilijulikana kote nchini kwa ajali, na maafisa wa usalama barabarani walikuwa wakiitaja tabia hiyo kila mara. Bila gia, uzito wote huachiwa breki, nazo zikipata joto kupita kiasi hulegea. Jambo la kusikitisha ni kwamba kwa magari yanayotumia sindano za petroli zinazoongozwa na kompyuta, imani hiyo ni kinyume kwenye mteremko mkali. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeinuliwa, magurudumu ndiyo huizungusha injini, na kompyuta hufunga petroli kabisa hadi mizunguko ishuke karibu na ile ya kusimama. Likiwa kwenye nyutro, injini lazima ipewe petroli ili isizime. Kwa hiyo aliye kwenye gia hatumii chochote na breki zake zapumzika. Aliye kwenye nyutro anatumia petroli na kuhatarisha watu.

Kusimama injini ikinguruma nako si bure. Injini ya lita 2.0 hutumia kadiri ya lita moja kwa saa ikiwa haiendi popote. Wenye magari ya tabo huitetea desturi hiyo kwa kusema tabo lazima ipozwe kabla ya kuzima, na ni kweli ikiwa gari limetoka kukimbizwa. Aliyeendesha kwa utulivu kilomita chache za mwisho amekwisha kuipoza njiani.

Barabara za vumbi za Ndabibi huongeza mzigo kwa namna nyingine. Kwenye kokoto na mchanga, tairi huhitaji nguvu mara mbili au zaidi ya ile ya lami ili kuviringika. Wengine hupunguza hewa ya tairi ili kuvuka mchanga, jambo la busara, kisha husahau kuirudisha wakifika lami. Chujio la hewa likijaa vumbi, tabo hukosa pumzi na dereva hukanyaga zaidi. Kulikagua mara kwa mara ni kazi ya dakika chache.

Anayetaka kujua hali ya gari lake asiamini mshale wa dashibodi. Ajaze tangi hadi bomba lijifunge, asome kilomita, aende safari zake, kisha ajaze tena katika kituo kile kile na kugawanya kilomita alizokwenda kwa lita zilizoingia. Safari iwe ya kwenda na kurudi, kwa maana kipimo cha kutoka nyanda za Limuru kushuka hadi Naivasha kitamfurahisha bure, na cha kupanda kitamtia hofu isiyo na sababu.