Soli tiba

Soli tiba (pia: othosi ya unyayo, kutoka neno la Kigiriki *orthos*, yaani "nyoofu") ni kifaa saidizi kinachotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mgonjwa mmoja na kuwekwa ndani ya kiatu. Hushikilia uvungu wa unyayo, hupunguza maumivu, au huhamishia uzito wa mwili mbali na sehemu iliyo katika hatari ya kupata kidonda. Huwasaidia hasa watu wenye kisukari, ukoma, nyayo bapa au baridi yabisi.

Utengenezaji

Fundi huchukua umbo la mguu kwa bandeji zenye jasi. Zikikauka huvuliwa, na ndani yake humiminwa jasi ili kupata mfano wa mguu. Juu ya mfano huo hufinyangwa plastiki iliyopashwa moto au sponji ngumu. Tangu 1981 Tanzania ina chuo cha wataalamu wa kazi hii, TATCOT, kilichopo KCMC mjini Moshi.

Kujaribisha na kurekebisha

Soli mpya huvaliwa saa 1 au 2 kwa siku, kisha muda huongezwa kidogo kidogo. Kila anapoivua, mgonjwa hukagua ngozi. Alama isiyotoweka baada ya nusu saa hivi ni dalili ya mgandamizo, na soli irudishwe kwa fundi ili aisage, aipashe moto upya au aongeze sponji. Vitabu vingi husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Afadhali kupapasa kutafuta joto na uvimbe. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni hasikii maumivu ya kumwonya, hivyo soli iliyokusudiwa kuzuia kidonda inaweza kukisababisha.

Nyanda za Juu Kusini

Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo Mbeya hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya jirani. Kutoka Iringa mjini ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na anayetoka vijijini Kilolo huongeza nauli nyingine. Ndiyo maana wengine hawarudi kukaguliwa, ingawa soli hulegea na kuchakaa, na mguu wa mtoto hukua.

Tatizo jingine ni kiatu. Soli tiba huhitaji kiatu kilichofungwa na chenye nafasi, lakini mkulima huenda shambani kwa kandambili, na msimu wa mvua kwa mabuti ya mpira. Mgonjwa afike kwenye kipimo na viatu anavyovaa kila siku, si vile vya kanisani au msikitini tu.