Hofu ya Kupaliwa: Jinsi Watoto Walivyolazwa Kifudifudi

Kwa mtoto mchanga, kucheua ni jambo la kila siku. Mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakaza, chakula chake ni maziwa matupu, na muda mwingi amelala. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa karibu thuluthi mbili ya watoto wa miezi minne hucheua angalau mara moja kwa siku. Wakikaribia mwaka mmoja, wanaocheua ni wachache. Lakini jambo hilo dogo liliwahi kuwatia madaktari wa Magharibi hofu iliyoua. Hawakushindwa kulitambua, walilikuza, kisha wakaliagizia dawa ambayo hakuna aliyekuwa ameipima.

Dawa yenyewe ilikuwa mlalo. Kitabu cha malezi cha Benjamin Spock, kilichotoka mwaka 1946 na kusomwa na mamilioni, kilianza katika matoleo ya miaka ya 1950 kushauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa kuwa akilala chali na kutapika atapaliwa. Maneno hayo yaliingia akilini, na hapo ndipo penye hatari. Wodini nako, wauguzi waliona watoto njiti wakipumua vizuri wakilala kifudifudi, na akina mama wakayapeleka nyumbani waliyoyaona. Na onyo lilikuwapo! Mwaka 1944 daktari Harold Abramson wa New York alibaini kwamba wengi wa watoto waliodhaniwa kukosa hewa vitandani walikutwa kifudifudi. Mwaka uliofuata alipingwa, na habari ikaishia hapo. Uholanzi, ambako ushauri wa kifudifudi ulienea miaka ya 1970, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipanda. Hong Kong, ambako watoto walilazwa chali, mwaka 1985 daktari aliripoti kwamba vifo vya aina hiyo ni adimu.

Waholanzi waligeuza ushauri mwaka 1987. Uingereza ilifuata mwaka 1991, kutokana na utafiti wa Peter Fleming na wenzake wa Bristol na sauti ya mtangazaji Anne Diamond, aliyekuwa amefiwa na mwanawe mwaka huohuo. Kampeni ya Marekani ilianza mwaka 1994. Kote huko vifo vilishuka, na Uingereza vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Mapitio ya mwaka 2005 yalikadiria kwamba kama ushahidi uliokuwapo ungekusanywa, hatari ingejulikana kufikia mwaka 1970, na watoto zaidi ya 10,000 wangeokolewa Uingereza pekee.

Atakayewatetea madaktari hao atasema kwamba mlalo wa kifudifudi hupunguza kweli maziwa kupanda. Ni kweli, na vipimo vinathibitisha. Ila walipima maziwa, hawakuhesabu vifo. Mwingine atasema huenda vifo vilishuka kwa sababu wazazi waliacha sigara. Sigara ina hatia yake, lakini haielezi kwa nini kila nchi ilipata nafuu baada ya kampeni yake, kwa mwaka wake. Na kupaliwa kwenyewe? Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, na maziwa yanayopanda lazima yashinde uzito wake yenyewe ili yaifikie. Akilala kifudifudi, maziwa hushuka kuelekea kwenye mlango wa hewa. Tangu watoto walazwe chali, vifo vya kupaliwa havikuongezeka.

Hofu hiyo haijaisha, imebadili dawa tu. Watoto wenye afya wamepewa dawa za kupunguza asidi, ingawa jaribio la mwaka 2009 kwa watoto 162 wenye dalili lilikuta asilimia 54 walipata nafuu kwa dawa, na asilimia 54 ileile kwa dawa bandia.

Mtoto anayecheua huku akinyonya vizuri na kuongezeka uzito, mlaze chali, umwache. Anayekataa kunyonya, asiyeongezeka uzito, anayetapika kwa kishindo kila anaponyonya, au anayetoa matapishi ya kijani au yenye damu, mpeleke hospitali leo.