Nazi na Sukari: Habari za Kashata

Kashata ya nazi ni kitu kidogo katika sinia ya mwuza kahawa, na watu wengi huitafuna pasipo kuuliza asili yake. Tukiuliza, twaona kwamba ndani yake mna vitu viwili ambavyo umri wao katika pwani yetu si sawa. Nazi ni ya kale sana. Sukari ni mgeni wa juzi, tena ilisitawi kwetu kwa jasho la watu wasiolipwa.

Tuanze na nazi. Msafiri Mwarabu aitwaye al-Masudi, aliyefika pande hizi mwaka 916, aliandika kwamba Wazanji, yaani watu wa pwani, walikuwa na visiwa vingi viotavyo minazi, na tunda lake lililiwa na wote. Alitaja pia ndizi, mtama na asali. Mnazi wenyewe ulitoka mbali. Mwaka 2011 wataalamu walieleza kwamba minazi ya ulimwengu ina asili mbili, moja ya Bahari ya Hindi na moja ya Pasifiki, na kwamba katika Bukini, Ngazija na pwani ya Afrika Mashariki asili hizo zimechanganyika. Wadhaniwao kuileta ile ya Pasifiki ni mabaharia wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, jamaa za wale waliokwenda kukaa Bukini.

Sukari je? Mreno Duarte Barbosa, katika kitabu alichokimaliza karibu na mwaka 1516, alisema kwamba Pemba, Mafia na Unguja zilikuwa na miwa, lakini wenyeji hawakujua kuifanya sukari. Neno hili ni kubwa kwa habari yetu. Mpishi wa Pemba wa zama zile alikuwa na tui, ndizi mbivu na asali, wala hatudhani kwamba alikosa vitu vitamu. Lakini kashata kama tuijuavyo hakuweza kuipika, isipokuwa kwa sukari iliyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo.

Sababu yake yaonekana jikoni. Nazi hukunwa kwa mbuzi, nayo haikamuliwi tui, kwa maana chicha peke yake haina ladha. Sukari hutiwa maji kidogo, ikachemshwa hata tone lake likivutwa kati ya vidole viwili lifanye uzi. Hapo hutiwa nazi na iliki, ikakorogwa bila kupumzika mpaka iache pembeni mwa sufuria. Kisha humiminwa katika sinia iliyopakwa samli, ikatandazwa na kukatwa ingali na moto, kwani ikipoa hugeuka mawe. Kazi hiyo ya kuganda ni ya sukari. Asali hubaki laini na kunata, haikatiki vipande vya kuuza.

Basi sukari ya kwetu ilianza kupatikana kwa wingi katika karne ya 19, hasa Pangani, ambako matajiri walipanda miwa kandokando ya mto. Miwa ilikamuliwa, maji yake yakachemshwa mpaka yakawa asali ya miwa na sukari ya rangi ya udongo, ikapelekwa Unguja kwa vyombo. Kazi yote ilifanywa na watumwa, na kazi ya miwa ni nzito kuliko ya minazi. Mnazi humpa mkulima nafasi ya kungoja, lakini muwa ukikatwa lazima ukamuliwe upesi kabla haujachacha, na moto wa sufuria hauzimwi usiku. Haikuwa ajabu kwamba mwaka 1873 watumwa wa Kikogwe, karibu na Pangani, waliasi na kuwatoroka mabwana zao.

Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wadachi, naye alikuwa mwenye shamba la miwa huko Pangani. Alinyongwa katika mji huo huo mwezi wa Desemba 1889. Watu husimulia vita vyake, wachache hutaja shamba lake. Utumwa katika Tanganyika haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1922.

Wako wapishi wapendao hata sasa kutia sukari guru badala ya sukari nyeupe. Kashata yao huwa nyekundu-nyekundu, ina harufu ya moshi kidogo, na haikauki upesi.